Samaki wa Chupani: Jinsi Uhifadhi Unavyobadilisha Majibu ya Kemia

Mkazi wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, anapotandaza usipa juani, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza anaijua: anamzuia samaki asioze. Ya pili haifikiriwi mara nyingi: anambadilisha. Maji hutoka, mafuta hugeuka kwa hewa na jua, uzito hupungua. Usipa mkavu bado ni usipa, lakini si yule yule aliyetolewa majini alfajiri.

Mtaalamu wa elimu ya viumbe anayemtumbukiza samaki katika chupa ya dawa naye hufanya kazi hizo hizo mbili. Tofauti ni kwamba yeye, au mwingine atakayemfuata baada ya miaka thelathini, atataka kumrudia samaki huyo na kumpima: ana zebaki kiasi gani? Alikula nini? Mafuta yake yalibeba sumu gani? Makala haya yanaeleza kwa nini dawa aliyohifadhiwa ndani yake samaki inaweza kumpa mpimaji majibu ambayo si ya samaki bali ni ya dawa yenyewe, na kwa nini jambo hilo linawahusu watu wa Mbinga na pwani yote ya Ruvuma katika Ziwa Nyasa.

SWALI LITOKALO NGAKA

Ngaka imo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Ardhi yake ina matabaka ya makaa ya mawe, na uchimbaji wa kibiashara ulianza mwaka 2011. Eneo hilo ni sehemu ya bonde la Mto Ruhuhu, mto ambao humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa kati ya Manda na Lituhi. Mbasa, samaki anayethaminiwa sana katika ufuko huo, huishi ziwani lakini hupanda mitoni kutaga mayai. Usipa, aliye mdogo kama dagaa, huishi katika maji ya wazi na huvuliwa usiku kwa taa. Hao ndio kitoweo cha kila siku cha maelfu ya watu.

Makaa ya mawe, popote yachimbwapo duniani, huwa na chembe ndogo za zebaki, risasi, aseniki na metali nyinginezo. Yakichomwa, zebaki hupaa angani kama mvuke. Mawe yaliyofukuliwa yakinyeshewa na mvua, baadhi ya metali huweza kuyeyuka na kufuata maji. Tena zebaki ikifika katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hupenya kwa urahisi katika miili ya viumbe na kuongezeka kutoka kwa kiumbe aliwaye hadi kwa mlaji wake. Madhara ya sumu hiyo kwa binadamu, hasa kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni, yalidhihirika huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitangazwa rasmi mwaka 1956.

Hapana budi kusema wazi kwamba kuuliza si kushitaki. Zebaki huingia ziwani kwa njia nyingi: kutoka angani, kutoka katika miamba yenyewe, kutoka katika moshi wa misitu inayoungua. Kwa sababu hiyo hasa, mtu akitaka kujua kama samaki wa Ruhuhu wamebadilika, haitoshi kumpima samaki wa leo peke yake. Lazima apate samaki wa kabla ya mwaka 2011 wa kumlinganisha naye. Samaki huyo haogelei tena. Kama yupo, yupo ndani ya chupa katika kabati la makumbusho au la chuo. Vivyo hivyo, mtu atakayeuliza swali hilo mwaka 2050 atawategemea samaki wanaohifadhiwa sasa. Je, samaki wa chupani anaweza kuaminiwa?

FORMALINI HUFANYA NINI

Dawa iliyotumika zaidi kuhifadhi wanyama wa majini ni formalini. Hii ni gesi ya formaldehidi iliyoyeyushwa katika maji kwa kiasi cha asilimia 37 hadi 40. Kwa kawaida sehemu moja ya formalini huchanganywa na sehemu tisa za maji. Mwaka 1893 daktari Mjerumani Ferdinand Blum alitambua kwamba mchanganyiko huo hukaza nyama ya mwili na kuizuia isioze, na tangu hapo ukaenea duniani kote.

Siri ya formalini ni kwamba haimlindi samaki kwa kumwacha kama alivyo. Chembe za formaldehidi hujishikiza katika protini za mnofu na kuzifunga pamoja, mithili ya mishipi inayounganisha nyavu mbili. Bakteria hushindwa kuzila protini zilizofungwa hivyo. Lakini kila kifungo ni kaboni mpya iliyoingia mwilini mwa samaki, kaboni ambayo samaki hakuila.

Tena, formalini ikikaa muda mrefu hupata asidi. Asidi hiyo huyeyusha kalsiamu ya mifupa, na huweza kuharibu kabisa vijiwe vya masikio ambavyo wataalamu hutumia kuhesabu umri wa samaki. Ili kuituliza asidi, watu hutia boraksi au chokaa. Dawa ya tatizo moja huzaa tatizo jingine: boraksi huleta boroni na sodiamu, chokaa huleta kalsiamu. Atakayepima elementi hizo baadaye atakuwa anapima alichotia mtangulizi wake.

SPIRITI HUFANYA NINI

Baada ya siku kadhaa katika formalini, samaki wengi wa makumbusho huoshwa na kuhamishiwa katika spiriti, yaani alkoholi ya ethili, aghalabu ya asilimia 70. Spiriti hufanya kazi kwa njia tofauti: hunyonya maji kutoka katika mnofu, na pamoja na maji huyeyusha sehemu ya mafuta.

Jambo hili ni zito kwa yeyote anayetafuta sumu zinazokaa katika mafuta. DDT ni mfano mwema. Mwaka 2001 Karen Kidd na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya DDT katika viumbe wa Ziwa Nyasa, wakionyesha kwamba sumu hiyo huongezeka kadiri kiumbe anavyokuwa juu katika msururu wa walaji. Lau samaki wa namna hiyo wangekaa katika spiriti miaka kumi, sehemu ya mafuta yao ingehamia katika spiriti, na DDT ingefuatana nayo. Mpimaji angekuta mnofu wenye sumu kidogo akatangaza kwamba ziwa ni safi, kumbe sehemu ya sumu imo katika maji ya chupa, ambayo huenda yameshamwagwa na kubadilishwa mara tatu.

FUNZO LA SILIKANTI

Kisa kinachofundisha vizuri zaidi jambo hili ni cha bahari ya mashariki ya Afrika, nacho ni cha silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka kwa miaka milioni nyingi.

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London nchini Afrika Kusini, alimkuta samaki wa ajabu miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi. Ilikuwa majira ya joto. Hakupata chumba cha baridi cha kumwekea, na formalini iliyopatikana ilikuwa kidogo mno kwa samaki wa urefu wa mita moja na nusu. Alimfunga kwa magazeti yaliyolowa formalini, lakini dawa haikupenya hadi ndani. Samaki alianza kuharibika, ngozi ikahifadhiwa, viungo vya ndani vikatupwa. Profesa J. L. B. Smith alipofika, aliweza kulitambua umbo; juu ya ini, moyo na damu hapakuwa na la kusema.

Iliwabidi wataalamu wangoje miaka kumi na minne. Mnamo Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzwani, Komoro, alimvua silikanti wa pili. Nahodha Eric Hunt alimtia chumvi, kisha akamchoma sindano za formalini. Safari hii viungo vingi vya ndani vilisalimika, na elimu ya umbo la silikanti ikasonga mbele sana, hasa Wafaransa walipoendelea kukusanya samaki hao Komoro katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo lilibaki swali moja ambalo chupa haikuweza kulijibu. Samaki huyu anaishi vipi katika maji ya chumvi bila mwili wake kunyonywa maji? Papa na taa hufanya hivyo kwa kuweka yurea nyingi katika damu yao. Kila mpishi wa pwani analijua jambo hili kwa pua: papa akichelewa kutengenezwa hutoa harufu kali ya amonia, kwa kuwa bakteria huigeuza yurea hiyo kuwa amonia. Je, silikanti naye ni hivyo? Samaki wa formalini hakuweza kutoa ushahidi wa kutegemewa, kwa sababu mbili. Kwanza, yurea ni chembe ndogo inayoyeyuka katika maji, hivyo hutoka mwilini na kutawanyika katika chupa. Pili, formaldehidi huungana na yurea kikemia. Viwandani muungano huo hutumiwa kutengeneza gundi ya mbao za kubandika. Kwa hiyo dawa iliyomhifadhi samaki ndiyo hasa iliyokula kitu kilichokuwa kinatafutwa.

Jibu lilipatikana pale silikanti aliyegandishwa kwa baridi, bila formalini, alipofikishwa Marekani mwaka 1966. Mwaka 1967 Grace Pickford na F. Blake Grant walichapisha matokeo: damu ya silikanti ina yurea nyingi, kama ya papa. Karibu miaka thelathini ilikuwa imepita tangu samaki wa kwanza apatikane, na kilichofungua mlango hakikuwa mashine mpya peke yake, bali njia nyingine ya kuhifadhi.

Funzo hili ni la Tanzania pia. Tangu mwaka 2003, silikanti wamenaswa na wavuvi karibu na Songo Mnara, Kilwa, kisha wengi zaidi upande wa Tanga, ambako hifadhi ya bahari kwa ajili yao ilianzishwa mwaka 2009. Kila mmoja anayepatikana amekufa huleta swali lile lile la mwaka 1938: atiwe katika nini kwanza?

ZEBAKI YA MAKUMBUSHO

Kutoka yurea inafaa kurudi kwenye zebaki, ambayo ndiyo swali la Ruhuhu. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walipima zebaki katika jodari wa makumbusho waliovuliwa miaka 62 hadi 93 kabla ya hapo, wakawalinganisha na jodari wa wakati wao. Viwango vilikaribiana. Ilionekana kwamba zebaki ya jodari wa baharini si matokeo ya viwanda vya karne ya ishirini.

Lakini mwaka 1974 Robert Gibbs, Eugene Jarosewich na Herbert Windom walichapisha onyo. Walichunguza athari za dawa na za muda juu ya metali nzito katika samaki wa makumbusho, wakasisitiza kwamba kiasi kinachopimwa kinaweza kuwa kimeathiriwa na uhifadhi wenyewe. Metali huweza kutoka katika samaki na kuingia katika dawa. Vilevile huweza kutoka katika dawa, katika kifuniko cha chuma au katika lebo, na kuingia katika samaki. Baadhi ya makumbusho ya zamani yalitumia hata chumvi za zebaki zenyewe kuua wadudu na ukungu.

Haimaanishi kwamba chupa za zamani hazina faida. Zebaki hushikamana kwa nguvu na salfa iliyomo katika protini, hivyo haitoki kwa urahisi kama metali nyinginezo. Lakini hata ikibaki yote, mnofu unaoizunguka hupoteza maji na mafuta, na kipimo kwa kila gramu hubadilika.

Hesabu ndogo itadhihirisha jambo hili. Chukua, kwa mfano tu, kilo moja ya samaki mbichi yenye miligramu 0.10 za zebaki. Tuseme gramu 750 za kilo hiyo ni maji. Samaki akikaushwa kabisa, hubaki gramu 250, na zebaki bado ni ile ile miligramu 0.10. Lakini sasa, kwa kilo moja ya samaki mkavu, kipimo kinasomeka miligramu 0.40. Hakuna zebaki iliyoongezeka hata chembe. Ni maji yaliyoondoka. Mtu anayelinganisha usipa mbichi wa mwaka huu na usipa mkavu wa mwaka mwingine bila kujua hesabu hii anaweza kuwatia hofu watu wa kijiji kizima pasipo sababu, au kuwatuliza pasipo haki.

ALAMA ZA CHAKULA

Kuna uchunguzi mwingine unaodhurika kwa njia ya siri zaidi. Kaboni na nitrojeni za asili huwa na isotopu nyepesi na nzito. Uwiano wa kaboni 13 kwa kaboni 12 katika mnofu huonyesha chanzo cha chakula cha samaki. Uwiano wa nitrojeni 15 kwa nitrojeni 14 huonyesha ngazi yake katika msururu wa walaji. Mwaka 1996 Harvey Bootsma na wenzake walitumia njia hii kueleza jinsi samaki wengi wa pwani za Ziwa Nyasa wanavyogawana chakula: wapo wanaotegemea mwani unaoota juu ya miamba, na wapo wanaotegemea viumbe vidogo vinavyoelea majini.

Formalini hutengenezwa kutokana na methanoli, ambayo kwa kawaida hutokana na gesi asilia, na kaboni ya gesi hiyo ina kaboni 13 chache. Inapojifunga katika protini za samaki, huushusha uwiano wake wa kaboni, mara nyingi kwa sehemu moja hadi mbili katika elfu. Spiriti kwa upande wake huondoa mafuta, ambayo nayo yana kaboni 13 chache, na hivyo huelekea kuupandisha. Nitrojeni hubadilika kidogo zaidi, kwa sababu formaldehidi haina nitrojeni.

Badiliko la sehemu mbili katika elfu laweza kuonekana dogo, lakini ndilo badiliko ambalo mtaalamu angelitarajia samaki wanapoanza kubadili chakula. Akilinganisha samaki wa formalini wa mwaka 1980 na samaki mbichi wa leo, anaweza kuandika kwamba samaki wa ziwa wamehama kutoka maji ya wazi kwenda miambani, ilhali samaki hawakuhama: aliyehama ni mtaalamu, kutoka chupa moja kwenda nyingine.

NJIA IFAAYO

Hakuna dawa moja inayofaa maswali yote. Baridi kali ndiyo hubadilisha kemia kidogo zaidi, hasa katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Lakini hata katika friza ya kawaida mafuta huendelea kuharibika polepole, na umeme ukikatika maji hutiririka kutoka katika mnofu pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo kanuni ni kugawa samaki mmoja katika sehemu kadhaa kabla dawa yoyote haijamgusa:

1. Samaki apimwe urefu na uzito angali mbichi.

2. Vipande vya mnofu vikatwe mgongoni kwa kisu safi. Kipande cha kupimia metali kifungwe katika mfuko safi wa plastiki. Cha kupimia DDT na sumu za mafuta kifungwe katika karatasi safi ya alumini, si plastiki. Vyote viwekwe katika barafu mara moja na kugandishwa.

3. Kipande kidogo kitiwe katika spiriti kali kwa ajili ya uchunguzi wa urithi. Formalini huharibu chembe za urithi.

4. Samaki aliyebaki ndiye atiwe formalini, kwa ajili ya umbo na utambuzi.

5. Chupa moja ijazwe dawa ile ile bila samaki, itunzwe pamoja na nyingine. Baadaye itaonyesha ni vitu gani vilivyoletwa na dawa yenyewe au na kifuniko.

6. Pasipo na umeme, mnofu uliokwisha kupimwa uzito ukaushwe mahali safi pasipo vumbi wala moshi, kwa joto lisilozidi nyuzi 60, na uzito wake upimwe tena.

Jambo la saba halihitaji fedha: maandishi. Aina ya samaki, mahali, tarehe, muda uliopita tangu afe hadi alipohifadhiwa, dawa iliyotumika na nguvu yake, kilichotiwa kutuliza asidi, na kila mara dawa ilipobadilishwa. Yote yaandikwe kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka katika spiriti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na samaki asiye na daftari hawezi kurekebishiwa hesabu.

Pale ambapo samaki wa zamani ndio pekee waliopo, bado ipo njia. Samaki wa leo wa aina ile ile hugawanywa nusu kwa nusu. Nusu hugandishwa, nusu huhifadhiwa kama wale wa zamani, kisha zote mbili hupimwa baada ya miezi kadhaa. Tofauti baina yake hutumika kusahihisha kipimo cha samaki wa zamani. Usahihisho huo haufuti mashaka yote, lakini huyapa mashaka kipimo, na hilo ni bora kuliko kuwa na uhakika wa uongo.

HITIMISHO

Wakazi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wana haki ya kujua kilichomo katika usipa na mbasa wao, na wachimbaji wa Ngaka wana haki ya kutolaumiwa kwa jambo lisilothibitishwa. Haki zote mbili hutegemea samaki wale wale wachache waliohifadhiwa vizuri. Mashine ya kupimia inaweza kununuliwa mwaka wowote fedha zikipatikana. Samaki wa mwaka huu hupatikana mwaka huu tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza sababu mbili zilizofanya formalini isifae kuchunguza yurea ya silikanti.

2. Kilo moja ya samaki mbichi ina miligramu 0.06 za zebaki, na maji yake ni gramu 800. Akikaushwa kabisa, kipimo kitakuwa miligramu ngapi kwa kilo ya samaki mkavu?

3. Kwa nini kipande cha kupimia metali hakifungwi katika karatasi ya alumini?

4. Chupa yenye dawa bila samaki inamsaidia nini mpimaji?